Umeongezewa ushuru kwa mapato usiyotangaza: upinge, mkae mezani, uende jopo au ulipe?

Barua ya makadirio, yaani hesabu ya ushuru wanayosema unadaiwa, haina kelele. Inaingia kwenye barua pepe iliyoandikishwa iTax, mtandao wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), siku ulipofungua PIN, na kwa wafanyabiashara wengi hiyo ni barua pepe ya yule kijana wa saiba aliyekusaidia, si yako. Ndani kuna jedwali fupi: kodi ya ziada, faini, riba, jumla. Wapo wanaoiona siku hiyo hiyo, na wapo wanaoijua benki inapowaambia pesa hazitoki. Kwa hiyo kabla hujasoma zaidi, ingia iTax ukaangalie barua pepe iliyoko mle ni ya nani.

Makala haya ni ya aliyeipata barua mapema na sasa anashauriwa na kila mtu. Shemeji anasema lipa uishi kwa amani. Rafiki anasema usilipe hata senti, nenda kortini. Wakala anasema tuongee nao. Kwa Kenya njia ziko nne, na nitazipima zote kwa vipimo vilevile: muda unaochukua, gharama ya kuifuata, ushahidi unaotakiwa, faini na riba zinavyoathirika, na mlango gani unabaki wazi ukishindwa. Mimi ni mhasibu wa wafanyabiashara wadogo, si wakili. Pale panapohitaji wakili nitasema.

Kwanza, ligawe deni

Kosa ninaloliona sana ni mtu kuichukulia ile jumla kama kitu kimoja, ama anaikataa yote ama anaikubali yote. Jumla hiyo ina vipande, na kila kipande kinaweza kupita njia yake.

Tuseme kodi yenyewe waliyokuongezea ni shilingi 600,000. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inasema kodi iliyopunguzwa kwa makusudi hutozwa faini ya 75%. Ikiwa si makusudi, ni 20%. Riba ni 1% kwa mwezi, haizai riba nyingine, na haiwezi kuipita kodi yenyewe. Ikiwa imepita miaka miwili, riba ni 144,000. Sasa hesabu: kwa 75% faini ni 450,000 na jumla inafika 1,194,000. Kwa 20% faini ni 120,000 na jumla ni 864,000. (Kuna pia 5% ya kuchelewa kulipa, nimeiacha nje ili hesabu ionekane vizuri.) Shilingi 330,000 zote hizo zimening'inia kwenye neno moja, makusudi. Nimeona watu wakibishana miezi mitano juu ya kodi bila kuligusa neno hilo hata mara moja.

Vipande vingine hutokea ukifungua stetimenti ya benki. Mteja wangu mmoja, muuza leso hapa Mombasa, alikuwa ametangaza mauzo ya milioni 1.9. Akaunti zake zikaonyesha milioni 6.4 zilizoingia, na makadirio yakajengwa juu ya hizo 6.4. Kwa kuwa zimevuka milioni 5, kiwango cha kujisajili VAT (ushuru wa thamani iliyoongezwa), makadirio yakaja na VAT ya 16% juu ya yale mengine. VAT peke yake ilipita milioni moja.

Tuliketi sakafuni nyumbani kwake na karatasi za mwaka mzima, kalamu tatu za rangi na birika la chai. Kijani ni mauzo. Manjano ni chama, maana yeye ndiye mweka hazina na akina mama wenzake humtumia pesa kila Ijumaa. Waridi ni mkopo, na pesa zilizotoka mfuko wake mmoja kuingia mfuko wake mwingine, kutoka namba ya simu kwenda benki. Alasiri ilipoingia tukajumlisha kijani: milioni 3.1. Chini ya milioni 5, kwa hiyo hoja ya VAT ikapoteza miguu. Lakini 3.1 si 1.9. Milioni 1.2 aliiacha nje kweli, na aliponitazama sikuwa na la kumfariji.

Hapo ndipo pa kuanzia: rangi zako zinasemaje? Ndipo uchague njia.

Njia ya kwanza: pingamizi kwa Kamishna wa KRA

Hii ndiyo njia ambayo nyingine mbili hutegemea, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

*Muda.* Siku 30 tangu kupewa taarifa ya makadirio. Hesabu kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, hutajuta. Ukichelewa unaweza kuomba nyongeza kwa sababu ya ugonjwa, kuwa nje ya nchi au sababu nyingine ya maana, lakini unaomba, hudai. Pingamizi likishapokewa likiwa kamili, Kamishna ana siku 60 za kutoa uamuzi. Zikipita kimya, pingamizi lako linahesabika limekubaliwa.

Wengi husikia habari za siku 60 wakafurahi kabla ya wakati. Saa hiyo huanza kwa pingamizi *kamili*. Ukipeleka karatasi moja iliyoandikwa "sikubaliani na makadirio haya, nyaraka zitafuata", unaweza kujibiwa kwamba halijatimia, na siku zako zinaanza kuyeyuka. Pingamizi kamili lina mambo manne: hoja zako waziwazi, marekebisho unayotaka yafanywe kwa tarakimu, sababu zake, na nyaraka zote. Tena uwe umelipa sehemu usiyoipinga, au mmekubaliana utailipa vipi.

*Gharama.* Kuwasilisha kwenye iTax ni bure. Unalipia kazi ya mhasibu au wakala, na usiku kadhaa wa kutafuta risiti. Na ile sehemu usiyoipinga, ambayo kwa mama wa leso ilikuwa kodi ya ile milioni 1.2.

Jirani zetu wa Tanzania wana mzigo mzito zaidi hapa. Kule pingamizi halipokelewi mpaka uweke theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishania, kipi kikubwa, isipokuwa Kamishna akupunguzie kwa sababu za msingi. Ukiwa na duka Lunga Lunga na jingine Horohoro, usidhani utaratibu ni mmoja.

*Ushahidi.* Jukumu la kuthibitisha ni lako wewe mlipa ushuru. Hawatakiwi kuthibitisha kwamba zile pesa za chama ni mauzo, wewe ndiye unayetakiwa kuonyesha si mauzo. Kwa hiyo: daftari la chama lenye sahihi, mkataba wa mkopo, stetimenti za akaunti zote mbili ili pesa ionekane inatoka huku na kuingia kule siku ileile. Maelezo ya mdomo tu hayabebi kitu.

*Faini na riba.* Kodi ikishushwa, faini na riba zinashuka nayo. Usisahau kuandika hoja ya kujitegemea juu ya neno makusudi: ulikuwa na kumbukumbu? Ulijaza ritani kwa wakati? Ulijibu barua zao? Wakati mnabishana, riba inaendelea kutembea juu ya kiasi ambacho hujalipa.

*Ukishindwa* unaenda jopo. Ila kuna mtego: kule jopo unafungwa na hoja ulizoandika kwenye pingamizi, mpaka uruhusiwe kuongeza. Pingamizi lililoandikwa ovyo ni rufaa iliyokwisha kukatwa mkono.

Inamfaa karibu kila mtu mwenye hata hoja moja ya kweli, hasa ambaye ugomvi wake ni wa hesabu kuliko sheria: pesa zilizohesabiwa mara mbili, mikopo iliyoitwa mapato, gharama zilizokataliwa na risiti zipo.

Njia ya pili: Jopo la Rufaa za Ushuru

Huku ndiko wanakokuita TAT. Si korti ya kawaida, ingawa mambo yake yanafanana na korti, na wanaosikiliza hawafanyi kazi KRA.

*Muda.* Siku 30 tangu upewe uamuzi wa pingamizi, unawasilisha notisi ya rufaa. Kisha siku 14 za kupeleka hati ya rufaa, maelezo ya mambo yalivyotokea, na nakala ya uamuzi unaoupinga. Sheria imeweka siku 90 za kuamua, lakini panga biashara yako kwa muda mrefu kuliko huo.

*Gharama.* Ada ni shilingi 20,000, na hairudi hata ukishinda. Unaruhusiwa kujisimamia mwenyewe au kuwa na wakala au wakili. Kwa jambo la tafsiri ya sheria, hapa ndipo ninaposema tafuta wakili, na ada yake inaweza kulimeza deni dogo lote. Kwa kawaida kila upande hubeba gharama zake, kwa hiyo kushinda si kurudishiwa pesa ya wakili. Huweki dhamana ya kodi inayobishaniwa. Kinachotakiwa ni ile usiyoibishania iwe imelipwa au ina mpango.

*Ushahidi.* Uleule, umepangwa vizuri zaidi, kwa kurasa zenye namba na maelezo ambayo mtu asiyekujua ataelewa. Chama chako wewe unakijua. Jopo halikijui, halijui kwa nini pesa huja Ijumaa.

*Faini na riba.* Jopo linaweza kuifuta kodi, kuipunguza au kuiacha ilivyo, na vilevile kusema kama 75% ilistahili. Ni njia ndefu, na ukishindwa riba ya miezi yote hiyo inakusubiri. Ndiyo sababu huwaambia wateja: kile ambacho moyoni unajua unadaiwa, kilipe mapema ili riba yake isimame.

*Ukishindwa* kuna Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Mtu wa deni la laki tano simshauri afike huko.

Inamfaa mwenye hoja ya sheria. Mfano mwepesi ni miaka. Kwa kawaida makadirio hayawezi kurudi nyuma zaidi ya miaka mitano, ila pakiwa na ulaghai, ukwepaji au uzembe wa wazi. Ukiletewa deni la mwaka wa saba nyuma, swali si stetimenti, swali ni kama wana haki ya kufika huko. Inamfaa pia ambaye uamuzi wa pingamizi ulitoka baada ya siku 60, na mwenye deni kubwa linalostahili gharama. Mwenye boksi la risiti zilizofifia na hasira, jopo litamchosha.

Njia ya tatu: meza ya usuluhishi

Huitwa ADR, na ofisi yake iko ndani ya KRA yenyewe. Hapo ndipo watu hushtuka: yaani niende kwa mdai wangu anisuluhishe na mdai wangu? Shaka hiyo ina haki yake. Ila anayeongoza kikao si yule aliyekuandikia makadirio, na kazi yake ni kuwaleta pamoja, si kuamua. Hamkukubaliana, hakuna aliyeshindwa, na yaliyosemwa mezani hayabebwi kwenda kutumiwa jopo.

*Muda.* Jopo au mahakama ikiruhusu mkasuluhishe nje, mna siku 120. Zikiisha bila makubaliano, kesi inarudi ilikotoka. Tahadhari: kuomba usuluhishi hakusimamishi siku zako za rufaa. Wasilisha notisi jopo kwanza, kisha omba meza. Mwaka mmoja nilimwambia mteja tusubiri kwanza tuone mazungumzo yanaendaje. Tulikuwa tukiongea vizuri tu, tukipewa hata chai, siku ya thelathini ikapita. Kosa lilikuwa langu, na ilinibidi niandike maombi ya kuongezewa muda nikijieleza kama mtoto wa shule.

*Gharama.* Meza yenyewe hailipiwi. Ukishawasilisha jopo, zile 20,000 zimekwenda. Wakala mzuri anatosha.

*Ushahidi.* Hapa ndipo meza inapozishinda njia nyingine kwa mfanyabiashara mdogo. Ukiwa na daftari la chama lenye miezi tisa badala ya kumi na miwili, joponi miezi mitatu ile inaweza kukuangusha. Mezani mnaweza kufungua daftari pamoja, wakauliza, ukajibu, mkaona mtindo wa pesa za Ijumaa unajirudia. Bado ni lazima uwe na kitu cha kuonyesha. Meza si huruma.

*Faini na riba.* Usiende ukitarajia kuambiwa tumekusamehe faini. Kinachojadiliwa ni msingi: kiasi cha mapato, na kama kulikuwa na makusudi. Viwili hivyo vikisogea, faini na riba husogea vyenyewe.

*Msipokubaliana* rufaa yako iko palepale. Mkikubaliana, mnatia sahihi, makubaliano yanapelekwa jopo, na ndiyo mwisho, huwezi kurudi mwaka ujao ukasema ulibanwa.

Haifai pale hoja ni tafsiri ya sheria. Hilo halipatanishwi kwa kugawana nusu. Inamfaa ambaye ukweli wake uko katikati, kama mama wa leso: sehemu anadaiwa, sehemu hadaiwi.

Njia ya nne: kukubali na kulipa

Watu huiona kama kushindwa. Mimi naiona kama uamuzi wa kibiashara, na mara nyingine ndio wa busara kuliko yote.

*Muda* ni wako na mpango mtakaokubaliana. Sheria inaruhusu kuomba kulipa kwa awamu, na maombi hufanywa iTax. *Gharama* ni deni lenyewe. *Ushahidi* hauhitajiki kwa deni, lakini lete picha ya mapato yako ili awamu ziwe za kulipika. Usiahidi 100,000 kwa mwezi kwa aibu ya kuonekana mdogo. Ukikosa awamu moja, mpango unaweza kuvunjika na salio lote likadaiwa mara moja.

*Faini na riba.* Riba inaendelea juu ya salio. Na kuhusu msamaha: ule uliosamehe faini na riba za madeni ya hadi 31 Desemba 2023 kwa aliyelipa kodi yote ulifikia kikomo 30 Juni 2025. Ukikutana na mtu kwenye ngazi za jengo anakuambia ana njia ya kukuingiza, shika mkoba wako.

Lakini kuna faida moja ambayo watu huiacha mezani. Ikiwa wamekukamata kwa mwaka mmoja na unajua mwaka uliofuata una tundu lilelile, wewe mwenyewe litangaze kabla hawajalifikia. Anayejitokeza mapema hupunguziwa asilimia 10 kwenye kiwango cha faini, yaani 20% inakuwa 10%.

*Ukishalipa na kuacha siku 30 zipite,* mlango umefungwa. Hii ndiyo bei ya njia hii, ifikirie kabla, si baada. Inamfaa ambaye rangi zake zilitoka kijani tupu, au ambaye tofauti inayobishaniwa ni ndogo kuliko ada ya kuibishania, au anayehitaji cheti cha kutodaiwa ushuru kwa ajili ya zabuni na hawezi kusubiri.

Sasa wewe uko wapi?

Kama siku 30 hazijaisha na hujui bado deni ni la kweli kiasi gani, andika pingamizi. Linaweza kuondolewa baadaye, lakini siku zilizopita hazirudi. Lipa kijani, pinga mengine.

Kama pingamizi limekataliwa na ugomvi ni wa tarakimu, notisi jopo kisha omba meza. Kama ugomvi ni wa sheria au wa miaka, nenda jopo moja kwa moja, na kwa deni kubwa usiende bila wakili.

Kama unakubali kodi ila faini ya 75% inakuuma, usipinge kila kitu. Lipa kodi au uombe awamu, pinga neno makusudi peke yake. Pingamizi lenye hoja moja iliyoshiba husomeka vizuri kuliko lenye hoja kumi na moja.

Kama umeajiriwa na mapato ambayo hukutangaza ni pango la nyumba mbili au kazi za pembeni, na mteja wako alikukata ushuru akauwasilisha kwa PIN yako, dai kwanza ukatwaji huo uhesabiwe kwenye deni. Vyeti vyake viko iTax. Baada ya hapo mara nyingi kinachobaki ni cha njia ya nne.

Kama siku zimepita na benki imeshapata notisi ya kukukata, usianze na hoja. Anza na maombi ya kuongezewa muda yenye sababu na karatasi ya kuithibitisha, barua ya hospitali, muhuri wa pasipoti, na siku hiyohiyo uombe mpango wa awamu kwa sehemu unayoikubali.

Mama wa leso alilipa kodi ya ile milioni 1.2 na akapinga yaliyobaki. Daftari la chama tulilipiga nakala ukurasa kwa ukurasa, kurasa 52, moja kwa kila Ijumaa.